Njia ya kwenda maporomoko, na wanaoishi kando yake

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana mwongoza watalii, Muheza. Kijiji chetu kimepakana na msitu wa Amani, na ndani ya msitu wetu wa kijiji kuna maporomoko madogo ambayo wageni wanayaulizia sana. Tuko vijana tisa kwenye kikundi. Tumekubaliana tufyeke njia ya kilomita tatu hivi, ipande na kijito mpaka chini ya maporomoko, na nyingine ya kurudia kupitia mgongo wa mlima ili wageni wasipite mahali pamoja mara mbili. Usiku tutawapeleka kuona vinyonga na vyura. Mzee mmoja wa kamati ya maliasili anatupinga, anasema wanyama watahama. Sisi hatukati miti wala hatuwindi, tunatembea tu. Je, kutembea kunaweza kuwadhuru wanyama? Na kama ni kweli, tufanyeje bila kuacha mradi wetu?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Swali kama lako huwa naletewa njia ikiwa imeshachongwa na kibao kimeshapigwa misumari. Nyie mmeuliza panga likiwa bado ukutani, nimefurahi sana.

Nianze na jibu lenyewe. Ndiyo, kutembea kunadhuru, hata kwa mtu asiyekata mti wala kutega mtego. Mzee wenu hajakosea. Lakini watu wanaweza kupita msituni na wanyama wakabaki, ikiwa mtakubali kubadili mambo mawili katika mpango wenu: msipande na kijito, na msichonge njia ya pili ya kurudia. Nitaeleza kwa nini, halafu tutaongea kuhusu hiyo safari yenu ya usiku.

Njia mnayoifikiria ina upana wa mita moja. Kwa mnyama, upana wake unaanzia pale anapoacha kula, akainua kichwa na kutazama mnakotokea. Tuseme kwa mnyama fulani ni mita 50 kila upande. Basi kilomita tatu za njia yenu ni hekta 30 za msitu ambamo mnyama huyo hatulii saa za wageni. Mkiongeza njia ya kurudia, zinakaribia 60. Ulizeni kamati msitu wenu wa kijiji una hekta ngapi kwa jumla, muone kinachobaki. Na hofu ina gharama. Mnyama anayekimbia mara nne kwa siku ameacha kula mara nne. Ndege anayeatamia akiruka, mayai yanapoa, na kiota kinabaki wazi kwa kima na nyoka.

Hili limepimwa. Huko California, kaskazini, watafiti walilinganisha hifadhi zinazoruhusu watu kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli na zile za jirani zilizofungwa. Wanyama walao nyama wa asili walikuwa wachache mara tano kwenye zile zilizo wazi. Hakukuwa na bunduki wala shoka, ni watu wa mapumziko tu. Australia nako waliangalia ndege kwenye vijia vya msituni: mtu akipita na mbwa aliyefungwa kamba, aina za ndege walioonekana zilipungua kwa asilimia 35 na idadi yao kwa asilimia 41. Kwa hiyo mbwa wenu wa nyumbani, wale wanaopenda kuwafuata mkienda shambani, wabaki kijijini siku za wageni na siku zisizo za wageni. Hapo sitoi nafasi ya mazungumzo.

Lakini kuna jambo jema ndani yake. Mnyama anajifunza. Mbega wanaoona watu wakipita mstari uleule, saa zilezile, bila kuwakaribia, baada ya miezi kadhaa huendelea kula majani yao juu ya vichwa vya wageni. Asichoweza kukizoea ni mtu anayemtokea popote: leo kwenye njia, kesho kwenye kijia cha mkato, kesho kutwa kichakani akitafuta picha. Ndiyo maana ninapinga njia ya pili. Mgongo wa mlima mnaotaka kuupitia ndio upande ambao mnyama aliyesumbuliwa kijitoni angekimbilia. Mkiuchonga na wenyewe, mmemzunguka. Wageni wapande na kushuka njia moja. Mwongozaji anayeijua kazi yake atawaonyesha wakati wa kushuka mambo ambayo hawakuyaona wakati wa kupanda, na kwa kweli mwanga wa saa kumi jioni si ule wa saa moja asubuhi.

Njia mbili zina hatari nyingine ambayo vijana huwa hawaifikirii. Mkishachonga njia, haitumiwi na nyie peke yenu. Mtega nyaya naye huipenda, maana anafika mbali upesi na anarudi na mzigo bila kuhangaika na miiba. Njia moja mnayoipita kila siku mnaweza kuilinda. Mbili, moja itakuwa yake.

Sasa tuangalie nani hasa anaishi hapo. Usambara Mashariki ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu 13 zinazoanzia milima ya Taita, Kenya, hadi Udzungwa. Misitu hii imekaa peke yake kwa muda mrefu sana, kila mlima kama kisiwa, na humo wamo viumbe ambao dunia nzima hawapatikani kwingine. Tembo akisumbuliwa hapa atakwenda kule. Chura ambaye makazi yake yote ni mabonde machache yanayozunguka kijiji chenu hana kule. Unaposikia “wanyama watahama”, jiulize wa kwenu watahamia wapi.

Mchukueni njule, ambaye wengine humwita sengi, mwenye pua ndefu inayochezacheza, mweusi mgongoni na mwekundu wa kahawia kichwani na mabegani. Mmeshamwona akikatiza njia mbio. Anatembea mchana, kama wageni wenu, na chakula chake chote ni wadudu waliomo kwenye majani makavu chini. Analala kwenye kiota anachokitengeneza kwa majani hayohayo: anachimba kishimo kifupi, anakitandika, anajifunika kwa rundo la majani. Siku moja nilikuwa na wanafunzi, mmoja akatoka kwenye njia hatua tano tu akafunge kamba ya kiatu. Aliweka mguu juu ya kitu kilichoonekana kama rundo la majani yaliyopeperushwa na upepo. Likatoka njule chini ya soli yake, likapiga mkia chini na kupotea. Tulipofunua majani tukakuta kitoto kimoja, bado kina joto, kimevunjika. Njule kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mimba. Mwanafunzi yule alilia, na mimi sikuwa na la kumwambia, maana kosa lilikuwa langu: sikuwa nimewaambia kwamba hatua tano zinatosha kuua.

Kwa hiyo kwenye njia yenu majani makavu yasifagiliwe pembeni. Nimeona vikundi vinafagia mita mbili kila upande ili “papendeze”. Pale mmefagia chakula cha njule, cha ndege wa chini, na makazi ya vinyonga wadogo wa ardhini wenye mkia mfupi, wanaofanana kabisa na jani lililokauka. Achieni majani. Ondoeni tu yale yanayoteleza kwenye mteremko mkali.

Nije kwenye kijito, maana hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote.

Mnajua habari ya chura wa Kihansi. Kwa wasioijua: mwaka 1996 watafiti waliokuwa wakichunguza korongo la mto Kihansi, upande wa Udzungwa, walikuta chura wa rangi ya dhahabu asiyezidi sentimita tatu, anayezaa vitoto badala ya kutaga. Aliishi kwenye eneo la hekta mbili hivi tu, lililoloweshwa mchana na usiku na ukungu wa maporomoko. Bwawa la umeme lilipoanza kuchepusha maji mwaka 2000, ukungu ukakata. Zikafungwa bomba za kunyunyizia maji, vyura wakaongezeka tena, na mwaka 2003 wakaporomoka ghafla. Kwenye waliokufa kulikutwa kuvu inayoshambulia ngozi ya vyura. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mbegu yao ilibaki kwa sababu 499 walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000 kutunzwa kwenye bustani za wanyama, na vizazi vyao vikaanza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Sisemi kwamba watembeaji ndio waliowaua. Bwawa ndilo lililokausha makazi yao. Ninachotaka mkione ni jinsi maisha ya kiumbe mzima yanavyoweza kukaa ndani ya ukungu wa maporomoko mamoja, na kwamba kuvu ile inasafiri kwenye matope na maji, vitu viwili ambavyo buti la mtalii linavibeba vizuri sana kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Mgeni wenu wa Jumatano huenda Jumanne alikuwa amekanyaga kijito cha Uluguru.

Na kwenye maporomoko yenu wapo wa kuwalinda. Usambara kuna chura mkubwa wa vijito ambaye wanasayansi humwita Arthroleptides martiensseni. Viluwiluwi wake hawaogelei kwenye kidimbwi kama wengine. Wanang’ang’ania uso wa mwamba uliolowa, pale maji yanaporukia. Ukiusogelea mwamba na tochi utaona kama vipande vya gome vinatambaa. Huo ndio mwamba ambao wageni wote hupanda wapigwe picha, na mtu mmoja mwenye viatu vya mpira anaweza kuwasaga kumi kabla hajatabasamu.

Kwa hiyo njia isiende “mpaka chini ya maji”. Itafutieni mahali pa kusimama, mita 30 au zaidi kutoka pale ukungu unapoishia, penye kuonyesha maporomoko yote kwa mbali kidogo. Jengeni jukwaa dogo la mbao lenye uzio wa kuegemea, muishie hapo. Atakayetaka kuoga, kama kuna bwawa la chini kijijini ambalo watoto wenu wanaogelea tangu zamani, aoge huko. Njia nzima ipande ubavuni mwa kilima, mbali na kijito, na kama ni lazima kuvuka maji mvuke mara moja tu, kwa daraja la magogo, viatu visiguse maji.

Kuhusu matope ya viatu, nina ushauri ambao kwa kikundi kidogo ni rahisi kuliko mnavyodhani. Nunueni gambuti, jozi 15 hivi za saizi tofauti, ziwe za msitu huo tu. Mgeni anaacha vyake ofisini kwenu, anavaa zenu. Jioni zinasuguliwa kwa brashi, zinaoshwa mbali na kijito, zinaanikwa mpaka zikauke kabisa, maana kuvu ile haivumilii ukavu. Jiki nayo inaiua, ila inaua na vyura, kwa hiyo maji yake yasikaribie mfereji wowote unaoshuka mtoni. Brashi inazuia pia mbegu za magugu. Kilimanjaro kuna nyasi za kigeni ambazo zimepanda mlima zikifuata njia za wapandaji na kambi zao.

Magugu yananikumbusha panga. Msifungue anga. Mkikata matawi ya juu, jua likapiga chini, wa kwanza kuota ni musizi, yule Maesopsis ambaye Amani mnamjua kwa jinsi alivyoteka sehemu kubwa ya msitu, huku hondohondo wakimsambazia mbegu. Kateni kinachozuia mtu kupita, basi. Na yale mafundo ya mimea inayotambaa, yanayoning’inia penye nafasi wazi na kingo za msitu, msiyaguse hata yakionekana machafu. Humo ndimo anamoishi yule ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu, Artisornis moreaui, ambaye wapenda ndege wanavuka bahari waje kumtafuta Amani, maana nje ya Usambara Mashariki anajulikana kaskazini mwa Msumbiji tu. Mtu anasafisha njia ili watalii waje kumwona ndege, na kwa panga hilohilo anamvunjia nyumba.

Mchoro wa njia uwe wa kuzunguka kilima, usikate mteremko moja kwa moja. Kipimo cha kushika kichwani: usipande zaidi ya mita moja kwa kila mita kumi za mwendo. Wekeni mifereji midogo ya kukata maji kabla hayajakusanya nguvu. Njia inayogeuka mfereji wakati wa masika watu huikimbia. Kila mmoja anakanyaga pembeni ya tope, na ile mita moja yenu inakuwa nne kabla ya Juni. Mimi ningeifunga kabisa Aprili na Mei. Wageni ni wachache miezi hiyo, hamtapoteza kikubwa. Penye kona ambapo mtu anaona njia ya juu yake, wekeni gogo kubwa na miiba, la sivyo kijia cha mkato kitakuwepo ndani ya wiki.

Sasa usiku. Siwakatazi. Mtu aliyemwona kinyonga wa pembe mbili wa Usambara akiwa amelala hawezi kumsahau. Rangi yake hupauka, kwenye mwanga wa tochi anaonekana kama jani jeupe lililosahauliwa nchani mwa tawi, mkia umekunjwa kama springi ya saa ya zamani. Lakini jueni kwa nini analala nchani. Nyoka akija, tawi linatikisika, naye anaachia na kuanguka chini gizani. Mwongozaji anapolivuta tawi ili mgeni apige picha karibu, kinyonga anapata habari moja tu: kifo kimefika. Akianguka, usiku huo hana tena mahali pa kulala salama. Tawi lisiguswe. Tochi isikae juu yake zaidi ya dakika moja au mbili, mwako wa kamera uzimwe, watu wasizidi sita, na safari isiwe kila usiku; mbili kwa wiki zinatosha.

Chura asishikwe kabisa. Ngozi yake inanyonya, na mikono ya wageni jioni imejaa dawa ya mbu. Mnachompaka pale, anakinywa.

Picha zikipigwa, mwombeni mgeni asiweke mtandaoni mahali halisi palipopigwa. Vinyonga na vyura wa milima hii wana soko nje, na ingawa serikali ilisimamisha biashara ya kusafirisha wanyama hai mwaka 2016, anayetaka kuiba anahitaji ramani tu. Na ile tabia ya kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili ndege ajitokeze, iacheni wakati wa kuatamia, ambao kwa ndege wengi wa huku huja na mvua za vuli. Dume anadhani amevamiwa. Anaacha kiota, anakuja kupigana na simu yako.

Najua mtaniambia masharti haya yatafukuza wateja. Angalieni kwa majirani zetu. Kwa sokwe wa milimani wa Rwanda na Uganda, watu wanane kwa kundi, saa moja, basi, na mwenye mafua haruhusiwi kwenda. Rwanda ilipandisha kibali hadi dola 1,500 mwaka 2017 na watu bado wanakwenda. Maporomoko yenu si sokwe, lakini mgeni anayeambiwa “leo tunapeleka wanane tu, kwa sababu hii na hii” anaelewa kwamba amefika mahali penye thamani. Wekeni ukomo wenu, muuandike ofisini, na sehemu ya kiingilio iende kwenye doria ya kamati, si kwenye mifuko ya kikundi peke yake.

Kabla ya yote hayo, nendeni na kamati mkaonane na ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa sababu mpaka wa msitu wa kijiji na hifadhi haupo mahali watu wanapodhani upo, na hatua mia moja ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa.

Na hesabuni sasa, njia ikiwa haijachongwa. Chagueni vituo kumi kando ya mstari mnaoufikiria, na kumi vingine ndani kabisa ambako hamtapita. Kila kimoja mtu asimame dakika kumi alfajiri, aandike kila ndege anayemsikia, na ahesabu, kwa macho tu, viota vya njule anavyoviona. Rudieni mara nne kabla ya kufungua, kisha kila msimu. Daftari na kalamu vinatosha. Vituo vya njiani vikianza kunyamaza wakati vya ndani vinaimba, mtajua mapema, na mtapunguza siku za wageni kabla hakujaharibika. Bila daftari hilo, miaka mitano ijayo nyie na mzee mtakuwa bado mnabishana.

Kuhusu mzee mwenyewe. Mchukueni, siku ya kupita mara ya kwanza na utepe wa kuweka alama, atangulie yeye. Msimwonyeshe mnakotaka kupita. Mwambieni awaonyeshe asikotaka mpite, na kila atakaposimama mfunge utepe mwekundu na mwandike alichosema: mbega hulala hapa, hapa njule wengi, hapa ndege fulani huzalia. Halafu njia ichorwe kwenye nafasi itakayobaki.